Mistari ya Chaki Lindi

Jumatatu, 6 Machi 1995

Milango kumi na mmoja leo. Miguu imevimba, koo limekauka. Mlango wa tatu, mama anakaanga omena. Nikamsomea swali: kama mto huu wa hapa chini ungesafishwa, taka zote zitolewe, maji yapite bila harufu, je, nyumba yako ingekubali kulipa shilingi ishirini kila mwezi? Ndiyo. Na thelathini? Ndiyo. Arobaini akasita. Nikaandika thelathini.

Mlango wa nne, fomu ya njano. Swali lilelile, lakini hii inaanzia mia moja na hamsini. Ndiyo, papo hapo. Mama huyu ana jiko moja na ndoo moja, sawa na jirani yake wa omena. Mto ni uleule.

Hiyo ndiyo kazi. Daktari (wa vitabu, si wa sindano) anataka kujua kama nambari ya kwanza unayomtajia mtu ndiyo inayomvuta. Fomu za kijani zinaanza chini, za njano zinaanza juu. Amezichanganya mwenyewe kabla ya kunikabidhi. Nachukua ya juu, sichagui. Na anayejibu asijue kamwe kwamba kuna fomu za aina mbili. Hilo amelirudia mpaka nimelichoka.

Kabiro, mtaa wa Kawangware, tulimaliza wiki jana bila taabu. Kule ndiko ninakoishi, na kila ploti ina vyumba vyenye nambari mlangoni. Huku Lindi, Kibera, hakuna nambari. Leo nimebisha mlango mmoja mara mbili, nikachekwa. Bado nina boksi la chaki nililoondoka nalo shuleni Kitui nilipoacha ualimu. Niliondoka nalo, tuseme hivyo. Kesho nalibeba.

Jambo moja linanisumbua. Mtu akisema ndiyo haniangalii usoni. Anaangalia kalamu.

Jumanne, 7 Machi

Chaki ni dawa. Fomu ya kijani, mstari mmoja juu ya mlango. Ya njano, mistari miwili. Sirudii mlango tena, na jioni nahesabu kwa macho tu. Najiona mjanja.

Nimepata pa kupumzikia. Mama Akinyi anauza makaa kwa mkebe karibu na mfereji, bomba la maji la mtaa, chumba chake kiko nyuma ya kibanda. Mjane, mtu wa Siaya, sauti nzito, mikono myeusi mpaka kwenye kiwiko. Fomu yake ilikuwa ya njano. Akasema ndiyo kwa mia na hamsini, akasema ndiyo kwa mia mbili, nikaona haya kuendelea. Ananiita Mwalimu ingawa sijamwambia niliwahi kufundisha. Anasema nauliza kama mtu anayesahihisha.

Jumatano, 8 Machi

Odhiambo, fundi wa viatu aliye mkabala na mfereji, amenisimamisha. Misumari mdomoni, hakuitoa. Kwa nini wengine wana mstari mmoja na wengine miwili? Nikasema ni ya hesabu tu. Akauliza hesabu gani. Nikasema ya ofisi. Neno baya hilo, nililijua likiwa bado linatoka.

Ndipo nikageuka na kukiangalia kile kichochoro vizuri. Mkono wa kushoto, upande wa mto, milango minne mfululizo ina mistari miwili. Wote ni watu wa ziwani, Wajaluo. Mkono wa kulia, Mama Mutua na majirani zake wawili wana mmoja mmoja. Wote Wakamba. Na mimi ni Nduku, Mkamba wa Kitui, kila mtu hapa analijua jina langu kwa sababu nimelitaja kila mlango kabla ya kuuliza chochote.

Zilikuja hivyo. Nilichukua ya juu. Naapa nilichukua ya juu.

Mwaka jana, ng'ambo ya mto, walikuja watu na rangi nyekundu wakapiga alama kwenye kuta. Wiki iliyofuata tingatinga likaja, likabomoa nyumba. Kila mtu Lindi anaikumbuka hadithi hiyo. Mimi pia niliisikia. Na bado nikabeba chaki.

Alhamisi, 9 Machi

Alama zimechezewa. Milango miwili ya upande wa mto iliyokuwa na mistari miwili sasa ina mmoja, na umesuguliwa kwa kitambaa kibichi. Mlango wa Mama Mutua umeongezwa mstari wa pili, umepinda, si mkono wangu. Hakunisalimu.

Nimefanya milango mitatu tu. Bila chaki. Nimesema naumwa kichwa nikaondoka.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu Kalekye, dada yangu, akilisikia atasema niache kazi, na yeye akisema jambo husema mpaka liwe.

Ijumaa, 10 Machi

Naandika haraka, mwandiko utasomeka vibaya.

Niliingia Lindi saa tatu asubuhi. Milango yote imefungwa, na hapo hapafungwi milango saa hizo. Watu walikuwa mferejini lakini hakuna aliyekuwa akiteka maji. Odhiambo akanijia na kuniomba faili. Nikasema ni mali ya ofisi. Lile neno tena! Akaichukua. Wakazifungua fomu, wakasoma kwa sauti: huyu ishirini, huyu mia na hamsini, huyu ishirini. Kila jina likisomwa mtu anaguna. Mwanamume mmoja akasema wenye kuulizwa nyingi ndio wa kuvunjiwa, hawa wa kidogo wamepangwa wabaki. Mwingine akasema mto hausafishwi watu wakiwa juu yake, hilo hata mtoto analijua. Ni kweli sikuwahi kujiuliza.

Mtu alinishika shati mgongoni. Nilijua maneno ninayopaswa kusema, na nilijua Daktari amenikataza kuyasema, lakini sidanganyi: si Daktari aliyenifunga mdomo. Woga ndio uliofunga.

Mama Akinyi akapita katikati akasema mwacheni, huyu msichana amekaa kwangu, namjua. Mkono ukaniachilia. Nikakimbia mpaka juu relini na kiatu kimoja. Sikugeuka. Nilimwacha pale amesimama na kundi zima.

Jumamosi, 11 Machi

Sijatoka nje. Kalekye ameenda sokoni na mitumba yake, nimefunga komeo. Kila anayepita mlangoni namsikiliza hatua. Mpangaji wa chumba cha saba aligonga kuomba kiberiti, nikanyamaza mpaka akaenda zake. Mwanamke mzima nimejificha kwa sababu ya kiberiti.

Jioni nilimwambia Kalekye yote. Hakusema niache kazi. Aliuliza tu, na yule mama wa makaa? Nikasema sijui.

Jumatatu, 13 Machi

Asubuhi ofisini kwa Daktari. Amenisikiliza vizuri, mtu muungwana, akanipa chai. Kisha akasema nisirudi kwa sasa, nisieleze lolote. Watu wa Lindi wakijua kuna fomu mbili, jaribio limekufa, na kijiji cha Raila bado hakijafanywa na ni hatua chache tu kutoka pale, maneno yatafika kabla yetu. Subiri wiki moja wapoe. Nilifurahi. Naandika ukweli: aliponiambia nisirudi nilifurahi.

Mchana Mama Mutua amekuja mpaka Kabiro kunitafuta, ameuliza ploti kwa ploti. Hakutaka kuketi. Yeye mwenyewe anaogopa, majirani wa miaka minane hawamsalimu tena kwa ajili ya mstari mmoja wa chaki. Lakini hakuja kwa hilo. Amekuja kusema Mama Akinyi ndiye analipia. Wanasema yeye ndiye aliyenileta, aliahidiwa chumba kwingine. Makaa yake yamemwagwa mtaroni. Hakuna anayenunua kwake. Mwenye chumba ameambiwa amtoe, naye ameogopa chumba kisije kikachomwa, amekubali. Mama Akinyi amepewa mpaka Alhamisi amtaje aliyenituma, la sivyo ahame.

Hawezi kumtaja. Hajui. Sikuwahi kumwambia.

Mama Mutua akasema, "Nduku, wewe ndiye ulichora. Kuja ufute."

Jumanne, 14 Machi

Niliamka nimeamua. Nikatembea mpaka barabara ya Ngong. Nikasimama pale ng'ambo nikiangalia njia ya kushukia Kibera. Watu wakinipita. Muuza magazeti akaniuliza kama nimepotea.

Nikarudi nyumbani. Nilimwambia Kalekye tumbo. Akanipikia uji. Niliunywa wote, mgonjwa gani huyo.

Jumatano, 15 Machi

Leo sikufika hata barabarani. Nilifika kwa kinyozi wa kona, nikageuka.

Mimi ni mwoga. Nililijua hilo kidogo kidogo tangu zamani, sasa nalijua lote.

Kesho ni Alhamisi.

Alhamisi, 16 Machi

Nimeenda.

Nilishika njia ya huko kabla Kalekye hajaamka ili nisipate wa kumwambia tumbo. Nilipiga moyo konde mpaka relini, pale moyo ukakataa, miguu ikaendelea tu kwa sababu kulikuwa na mteremko. Saa mbili na nusu nilikuwa mferejini.

Foleni ya mitungi. Odhiambo kwenye kibanda chake, faili yangu chini ya meza katikati ya soli. Mlango wa Mama Akinyi wazi. Godoro lake limeshakunjwa na kufungwa kamba, limeegemezwa nje ukutani, na juu yake sufuria tatu. Yeye amesimama kando na leso kichwani amevaa kama mtu wa safari.

Nikasema nimekuja kueleza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili. Walikusanyika watu kama thelathini. Nikawaambia yote, kwamba kuna fomu mbili, kwamba mto wenyewe hakuna anayekuja kuusafisha kesho wala keshokutwa, kwamba Daktari anapima tu kama mtu akitajiwa nyingi husema nyingi. Kwamba chaki ilikuwa akili yangu mwenyewe, mbovu. Kwamba nani apate ipi hakuna aliyechagua, ni bahati.

Nikaomba faili. Fomu zilizobaki bado zilikuwa na mchanganyiko wake. Nikaziweka kwenye beseni la Mama Mutua, nikalifunika kanga, nikasema vuteni wenyewe. Odhiambo akavuta, njano. Mama Mutua akavuta, njano. Jamaa wa upande wa mto akavuta ya kijani. Wengine watano au sita wakavuta, zikatoka ovyo ovyo, Mkamba njano, Mjaluo kijani, Mluhya kijani.

Hawakuamini. Nilikuwa na hakika wataamini, nilikuwa nimelifikiria siku mbili hilo beseni. Odhiambo alitikisa kichwa kwa upole, huo upole ndio ulionitisha zaidi.

"Sista, hii Nairobi hata maji ya mfereji inaenda kwa mtu anajulikana. Kazi, kitanda ya hosipitali, kila kitu. Na wewe unatuambia ati karatasi imechagua yenyewe?"

Watu wakaguna. Nikaona kundi linasogea. Na alikuwa na haki. Sijawahi kuona kitu chochote mjini hapa kikigawanywa bila kujuana. Hata hii kazi niliipata kwa binamu.

Kisha akauliza, "Na siku sita ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeandaa jibu. Tumbo. Halikutoka. Nikasema, "Nimeogopa. Juzi nilifika barabara ya Ngong nikarudi. Jana hata sikufika. Naogopa hata sasa."

Halafu mwanamke mmoja katika foleni, mtungi kichwani, akacheka.

"Ai, huyu si wa serikali! Wa serikali haogopi. Anakuja na askari."

Mwingine akasema waangalie magoti yangu. Wakaangalia wote. Yalikuwa yakigongana, sketi inacheza. Wakacheka, watu thelathini, mpaka mtungi ukafurika chini ya mfereji bila mtu kuufunga. Odhiambo naye akacheka, akatema misumari mkononi kwanza asije akaimeza. Akanipa faili. Akachukua kitambaa cha kung'arisha viatu akaenda kuufuta mlango wake.

Mambo hayakwisha palepale. Jamaa mmoja aliondoka akisema mimi ni mwigizaji. Lakini mwenye chumba alikuwa hapo na alicheka pia, na mtu aliyecheka hawezi kurudia sura ya kufukuza. Akamwambia Mama Akinyi arudishe vitu ndani, mvua inakuja.

Mama Akinyi hakucheka. Alianza kuifungua kamba ya godoro. Fundo lilikuwa limekazwa sana, nikamsaidia, likanichubua vidole. Nikamwomba msamaha. Akasema haya. Nikamuuliza, sijui kwa nini, niliona lazima: zile mia mbili alisemaje ndiyo, hata mia hana?

Akaniangalia kama anayeangalia mjinga. Akasema, "Wewe ulikuja na kalamu unauliza mambo ya mto, na mimi nakaa karibu na mto. Nilidhani nikikataa ndio utaandika nihame."

Wote, basi. Milango yote ile. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Walikuwa wakiniomba nisiwavunjie, na mimi nikiandika nambari.

Nilifuta mistari iliyobaki kwa kanga yangu yenye maji, mlango kwa mlango. Kwa Mama Mutua ilikuwa imeshafutwa. Ilinichukua muda mrefu kuliko kuichora.

Jumamosi, 18 Machi

Kwa Daktari. Nilimwambia nilirudi na nilieleza. Alivua miwani, akaiweka mezani, akakaa. Hakunifokea. Alisema Lindi imeharibika. Alimaanisha fomu. Alisema Raila nayo haitafaa, atatafuta mahali pengine na mtu mwingine. Nimerudisha faili na kitambulisho cha kazi.

Nilimwambia alichosema Mama Akinyi. Akakiandika kwenye karatasi ndogo, vizuri, neno kwa neno. Kisha akauliza kama fomu yake ilikuwa ya kijani au ya njano.

Njano, nikasema. Akaitikia kwa kichwa na kuikunja karatasi. Nilitaka kupiga meza. Nikasema asante kwa chai.

Nimepitia Lindi nikirudi, si njia yangu hata kidogo. Nilisimama mbali, karibu na reli. Kibandani kwa Mama Akinyi palikuwa na wateja wawili, mmoja akipimiwa mkebe. Sikushuka. Bado siwezi kushuka kile kichochoro bila moyo kwenda mbio, na pengine yeye pia haoni raha akiniona. Odhiambo aliniona. Aliinua nyundo kidogo, ndiyo salamu.

Jumapili, 19 Machi

Kalekye kanisani. Mimi nimebaki, nimefua.

Kwenye mkoba nimekuta fomu moja tupu, ya njano, sijui ilijibanza vipi. Nimeketi nayo kitandani. Mto upo hata huku Kawangware, harufu ileile, na sijawahi kuulizwa. Kabiro niliuliza kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe. Nikajisomea swali kwa sauti, kama ninavyowasomea watu. Je, nyumba yako ingekubali kulipa shilingi mia moja na hamsini kila mwezi?

Sina kazi. Hiyo mia na hamsini siijui itatoka wapi.

Nimeandika ndiyo. Chumbani hapakuwa na mtu wa kumwogopa.

Niliitazama ile ndiyo muda mrefu. Nje watoto wa ploti walikuwa wakigombania kamba ya kuruka. Nikaikata kwa mstari mmoja, nikaanza kuandika hapana kando yake. Herufi sita tu, na nimelimaliza neno hilo Kalekye akiwa tayari anavua viatu mlangoni.